Mkorosho Isiguswe

Sofu, Kibaha
Ijumaa, 2 Mei 2025

Mtani wangu Hamisa,

Hongera kwa kujifungua, na pole kwa uchungu. Mumeo Zahoro alipita ofisini akatuonyesha picha ya mtoto. Kakunja uso vilevile unavyokunja wewe mtandao ukikatika. Nimemwonea huruma, bado mdogo na tayari ni Mzaramo.

Zahoro ameniambia mama yako amekunyang'anya simu, na kompyuta ameifungia kabatini mpaka arobaini iishe. Nilicheka mpaka nikakohoa. Basi tutaandikiana kwa kalamu. Zahoro anakuja huko kila Ijumaa, atakuwa tarishi wetu. Anasema akifika anaishia barazani na kila alichobeba anamkabidhi mkwewe, kwa hiyo nimejitahidi kuandika kwa adabu kidogo. Kidogo tu.

Sasa kazi. Bi. Laurensia, mkurugenzi wetu, ameamua seva zetu zote za wingu ziingizwe kwenye ile programu ya Terraform. Unajua mwenyewe ulivyozijenga: ulikaa ukabofya hapa, ukabofya pale, zikasimama, miaka ikaenda. Hakuna mahali palipoandikwa zilivyojengwa. Leo ikianguka moja, anayejua kuiinua ni wewe, na wewe umefungiwa chumbani unakunywa uji wa pilipili manga. Kwa hiyo naiendea seva moja moja, naandika faili linaloieleza, kisha naiambia programu: hii ipo tayari, usiijenge, itambue tu kuwa ni yetu. Ni kama kuandikisha mkazi ambaye keshajenga na kuhamia. Wafadhili wanakuja kukagua Ijumaa ya tarehe 16, na siku hiyo zote ziwe zimeshaingia.

Mnazi na Mlimau zimeingia bila kelele. (Wewe tu ndiye unayeweza kuzipa seva majina ya miti ya uani kwenu.) Zimebaki Mchungwa, Mkwaju, na Mkorosho yenye kadi za kliniki.

Huku hakuna jipya. Kiti chako kipo, nakipangusa vumbi kila asubuhi.

Ni mimi mtani wako,
Castory

*

Maneromango, Kisarawe
Jumapili, 4 Mei 2025

Mnyamwezi, mbeba mizigo wa watu,

Asante kwa hongera. Mtoto hajambo, analala mchana na usiku anafanya mikutano. Mimi nakandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni kama unga wa chapati. Mama ndiye mkandaji, na mkono wake unaujua, ni mkono wa mtu aliyelima mihogo maisha yake yote. Nikiguna ananiambia, "Tulia, mwili haurudi kwa kubembelezwa."

Kazi hiyo nilikuwa naitaka tangu zamani, na nina wivu kwamba unaifanya bila mimi. Lakini nisikilize kwa makini: Mkorosho iwe ya mwisho, na usiiguse ukiwa na haraka. Humo ndimo zilimo kadi za kina mama wa zahanati zetu zote, kuanzia Soga mpaka Gwata. Simu za manesi tulizielekeza kwenye anwani ya Mkorosho kwa mkono, zahanati kwa zahanati, mimi na wewe na vumbi la njiani. Ikifutwa na kuundwa nyingine, anwani itabadilika. Nesi wa Gwata atafungua kadi, atakuta ukurasa mweupe, na mbele yake kuna mama anayetoka damu ambaye hajui hata kundi lake la damu. Nakala ya akiba tunayo, ndiyo, lakini kuirudisha na kuzifikia simu zote upya si kazi ya siku moja, na mjamzito hasubiri fundi.

Tena kadi yangu imo humo humo. Nakwambia wewe peke yako: mimba ilipofika mwezi wa nane presha ilinipanda vibaya. Nesi wa Sofu aliiona mapema kwa sababu kadi ilimwonyesha vipimo vyote vya nyuma, ndiyo maana leo naandika barua. Mama hajui, na nisingependa ajue. Akijua, arobaini yangu itakuwa mwaka mzima.

Halafu hicho kiti. Miaka yote tuliyofanya kazi pamoja hujawahi kunipangusia hata kikombe. Kuna nini?

Hamisa

*

Sofu, Kibaha
Alhamisi, 8 Mei 2025

Mtani,

Kiti ni kiti. Acha maswali ya kipolisi.

Mchungwa na Mkwaju zimeingia. Nimebaki na Mkorosho, na hapo nimekwama. Unajua kwamba kabla ya kutenda lolote programu inatoa mpango wake: hiki nitaongeza, kile nitabadili, kile nitafuta. Kwa seva nyingine mpango ulikuwa shwari. Kwa Mkorosho umetoka na maandishi mekundu: itafutwa, kisha itaundwa upya. Nimesoma, nimeenda kunywa maji, nimerudi, bado ni mekundu.

Sijabonyeza kitu, usishtuke. Lakini sielewi. Faili la Mkorosho ndilo nililoliandika kwa uangalifu kuliko yote. Bi. Laurensia ameahidi kuyasoma mafaili haya mwenyewe mbele ya wageni, kwa hiyo palipokuwa na mambo ya aibu nimeyasafisha, mtu asije akakusema ukiwa kitandani. Limependeza kama sare ya Jumatatu. Sasa mbona programu inalikataa?

Niambie tatizo ni nini. Zahoro akirudi Jumapili arudi na jibu, nakuomba. Ijumaa inayofuata ndiyo siku yenyewe, na ikifika Mkorosho haijaingia, basi mambo yatakuwa mengine. Nitakueleza ukitoka.

Castory

*

Sofu, Kibaha
Jumatatu, 12 Mei 2025

Kwa Mama Mwanamkuu,

Shikamoo mama. Mimi ni Castory, nafanya kazi na mwanao Hamisa. Kwetu ni Tabora, Mnyamwezi wa baba na mama, kwa hiyo hata kama hatujaonana, mimi na wewe ni watani tangu enzi za mababu.

Jana Zahoro alirudi mikono mitupu. Kwanza nilidhani Hamisa amenikasirikia. Nilimbana mumewe, akatazama viatu vyake akasema, "Barua mama aliipokea." Akaishia hapo. Mkwe wako anakuheshimu mno, mama, hata jina lako analitaja kwa sauti ya chini akiwa Kibaha.

Barua unayo wewe. Sikulaumu, mzazi anastahili kupumzika. Ila naomba nikueleze jambo ambalo hata Hamisa mwenyewe nimemficha, kwa sababu sikutaka mzazi ashtuke. Bi. Laurensia amesema hivi: kama Ijumaa hii seva zote hazitakuwa zimeingia kwenye utaratibu mpya, atawapa kazi kampuni moja ya Dar es Salaam. Watafuta zote, watajenga zao. Zahanati zitakaa bila kadi mpaka wamalize. Na baada ya hapo, fundi aliyezijenga za zamani hatahitajika tena. Kiti cha mwanao ameshasema nikikalie mimi. Nimemjibu tuzungumze Ijumaa, na tangu siku hiyo nakipangusa tu, sijakaa.

Imebaki seva moja. Hamisa akiisoma barua yangu ya Alhamisi atajua kasoro iko wapi, maana seva ni yake.

Kwa hiyo natumia haki yangu. Zahoro nimemwombea ruhusa kazini kesho akuletee barua hii kwa pikipiki. Akirudi bila jibu la Hamisa, keshokutwa nakuja mwenyewe. Sitapiga hodi. Nitaingia jikoni nichukue mbuzi yako ya kukunia nazi, niende nayo Tabora, na utazikuna nazi zako kwa meno. Unajua kwamba huwezi kunishitaki popote.

Kwa heshima zote na bila heshima yoyote,
Castory

*

Maneromango, Kisarawe
Jumanne, 13 Mei 2025

Mtani Castory,

Marahaba. Nimekuitikia kwa sababu nimelelewa vizuri, tofauti na wengine waliokuja pwani wamejitwika pembe za ndovu kichwani.

Barua niliificha mimi, tena niliilalia. Niliifungua nikaona "itafutwa," nikaona "mekundu," nikasema hii haifiki kwa mzazi. Mzazi akishtuka maziwa yanakata, ndivyo tulivyofundishwa na ndivyo nilivyowalea wanangu wote. Sikuelewa hata nusu ya maneno yenu. Nilichoelewa ni kwamba kuna mtu anataka mwanangu aamke kitandani kabla ya siku zake.

Lakini hilo la kiti hukuniambia mapema. Shamba hili unalosikia lina mihogo, mihogo hiyo ndiyo iliyomsomesha Hamisa. Nimeibeba kichwani mvua na jua, leo aje mtu wa Dar es Salaam amfute kama chaki kwa sababu kalala kumnyonyesha mjukuu wangu? Hapana. Nimekasirika, Castory, sijui nimemkasirikia nani, ila nimekasirika sana.

Nimempa barua zote mbili. Nilikaa mlangoni nimtazame kama atalia. Hakulia. Alizisoma, akacheka, akasema, "Mnyamwezi mjinga huyu," akanipa mtoto, akaomba kalamu. Uso wake ulikuwa na damu ambayo sijaiona tangu ajifungue. Nikajisemea kumbe kukanda peke yake hakutoshi.

Jibu lake limo humu. Mbuzi yangu uiguse uone.

Mwanamkuu

*

Maneromango
Jumanne hiyo hiyo

Castory,

Zahoro ananisubiri barazani na injini hajaizima, kwa hiyo naandika mbio.

Kasoro umeiandika wewe mwenyewe kwenye barua yako: "mambo ya aibu nimeyasafisha." Umenisitiri, mtani! Asante, na ole wako. Mkorosho haiko kwenye kituo cha data zilipo seva nyingine, ndiyo. Siku ya kwanza nilikuwa mgeni wa kazi, nikachagua kituo kisichokuwa chenyewe, na baadaye kuihamisha nikaogopa kwa sababu kina mama walishaanza kuitumia. Na mfumo uliopandwa ndani yake ni wa toleo la zamani. Wewe umeona aibu hizo, ukaandika kituo kizuri na toleo jipya, Bi. Laurensia asinicheke. Sasa programu inasoma faili lako, inaangalia wingu, haioni unachokisema. Inaona seva nyingine kabisa.

Fikiria cheti cha kuzaliwa. Mtoto yupo, analia, anaonekana. Ukimwandikia cheti cha mtoto mwingine mwenye rangi nzuri zaidi, binadamu atacheka arekebishe cheti. Programu hii haina utu huo, inaamini cheti. Itamtupa mtoto na kuzaa wa kwenye karatasi.

Andika ilivyo. Kituo cha makosa, kiandike. Toleo kuukuu, liandike. Ile diski ya pili niliyoipachika juu juu ile ya kwanza ilipojaa, iandike nayo, tena na jina lake baya lile nililoipa. Juu ya mstari wa kituo weka maelezo yangu haya kama yalivyo: "Niliiweka hapa kwa makosa nilipokuwa mgeni. Itahamishwa kwa utaratibu, zahanati zikiwa zimejulishwa. Hamisa." Halafu weka kufuli, ile amri inayoikataza programu kufuta seva hata ikitaka. Ndipo uombe mpango tena. Usibonyeze mpaka ukuambie hakuna cha kuongeza, hakuna cha kubadili, hakuna cha kufuta.

Usafi tutafanya baadaye, taratibu, seva ikiwa hai. Kwanza ukweli.

Na kiti, kumbe! Tutagombana nikitoka. Ulinisitiri huko pia, na huko pia ulitaka kuniua kwa wema. Lakini umekipangusa hukukikalia, nimeliona hilo na sitalisahau.

Hamisa

*

Sofu, Kibaha
Ijumaa, 16 Mei 2025

Mama Mwanamkuu, shikamoo. Hamisa, njoo ukae karibu, barua hii ni ya wote wawili na nataka isomwe kwa sauti.

TUMESHINDA!

Jumatano niliandika aibu zako zote, Hamisa, moja baada ya nyingine, mkono ukinikataa. Nikaweka kufuli. Nikaomba mpango. Nikafumba macho kama mtu anayechomwa sindano. Nilipofumbua, hakuna jekundu hata moja. Imeandikwa tu: hakuna mabadiliko. Niliruka, nikagonga goti kwenye meza yako, hadi leo nachechemea.

Leo ndiyo ilikuwa leo. Wageni wameketi, Bi. Laurensia katikati, na pembeni yuko mkuu wa ile kampuni ya Dar, suti ya kijivu, kompyuta imeshafunguliwa kabisa, anasubiri tu aitwe. Nikaomba mpango mbele yao kwa seva zote tano. Kioo kikaonyesha: hakuna mabadiliko. Yule wa suti akasema, "Sasa mbona hakuna kilichotokea?" Nikamwambia, "Ndugu yangu, ndicho tulichokuwa tunakitafuta."

Bi. Laurensia hakuamini kwa maneno. Akasema, "Nionyesheni kama mafaili haya yanaweza kuinua kitu." Nikaichukua Mlimau, ile seva yetu ya majaribio isiyo na kadi ya mtu, nikaifuta mbele ya macho yao. Mgeni mmoja alishika mdomo. Nikaamuru programu, ikasoma faili, na chai yao haijapoa Mlimau ikasimama tena, ileile, bila mtu kubofya wala kukumbuka chochote. Wakapiga makofi. Mimi nilikuwa natazama mlango ili wasione macho yangu.

Bado Bi. Laurensia hakutosheka. Akampigia nesi wa Gwata, akaweka sauti wote tusikie. "Dada, tangu juzi tumekuwa tukishughulikia mitambo. Mmepata usumbufu wowote?" Nesi akajibu, "Usumbufu ni huu mnaonipigia. Nina foleni hapa mpaka nje." Akakata. Chumba kizima kikacheka, hata yule wa suti.

Kisha akasoma mafaili kama alivyoahidi. Alipofika kwenye Mkorosho akasimama. Akasoma yale maelezo yako kwa sauti, "Niliiweka hapa kwa makosa nilipokuwa mgeni." Mimi nikatamani ardhi ipasuke. Akavua miwani, akaniuliza, "Haya aliyaandika lini, si yuko kwenye uzazi?" Nikamwambia ukweli, kwamba ndiye aliyeokoa seva akiwa kitandani, na barua zote nikamweleza, pamoja na aliyezilalia. Akamgeukia yule wa suti, akamshukuru kwa kuja kwake, akamwambia hatamhitaji. Kisha akasema hivi, nanukuu: "Mtu anayeliandika kosa lake mahali ambapo bosi wake atalisoma, huyo ndiye nitakayemkabidhi mitambo." Hamisa, ukirudi unarudi kuwa mkuu wa kitengo. Kiti hicho wamekiondoa, kimekuja kingine kina magurudumu. Hicho nacho nakipangusa.

Mama, usiogope kuhusu mbuzi. Jibu lilifika kwa wakati. Ila arobaini nakuja, na mtani hafiki shughulini akaondoka mikono mitupu.

Wenu katika ushindi,
Castory

*

Maneromango, Kisarawe
Jumatano, 4 Juni 2025

Mwizi Castory,

Salaam nyingi. Nimekuwa nikikuna nazi kwa mbuzi ya kuazima kwa jirani tangu Ijumaa ya arobaini. Watu wote waliona ulivyotoka na mbuzi yangu kichwani huku ukicheza, na hakuna hata mmoja aliyekuzuia, wote wanasema ni utani. Mtoto katolewa nje, kanyolewa, kaonyeshwa jua, na kitu cha kwanza alichokiona duniani ni Mnyamwezi anaiba. Pilau ulisifia, hilo nalikumbuka.

Nakuandikia kwa sababu ya jana. Nilimsindikiza Hamisa kurudi kwake Sofu, tukapitia kliniki apimwe yeye na mtoto. Nikaingia naye ndani. Nesi akafungua kile kioo chake, akasoma, akasema, "Mama, presha iliyokupanda ukiwa na miezi minane sasa imeshuka vizuri." Nikamtazama mwanangu. Mwanangu akatazama dari.

Mlinificha. Najua na wewe ulijua, maana nyinyi wawili mnasitiriana kuliko wake wenza. Nilitaka kupiga kelele. Halafu nikafikiri, je, kama ningeendelea kuilalia ile barua? Nesi angefungua kioo akakuta weupe. Asingejua la kupima wala la kuuliza. Mwanangu angesema "sijambo," kama anavyonijibu mimi siku zote, na tungerudi nyumbani na sijambo yake. Nikakaa kwenye benchi na mjukuu wangu kifuani.

Nikamwomba nesi anigeuzie kile kioo. Sijui kukisoma vizuri, akanionyesha kwa kidole. Jina la mwanangu. Kundi lake la damu. Kila mwezi na vipimo vyake tangu mimba ilipoingia. Siku aliyojifungua. Nikamwuliza, "Mwanangu, hivi vyote vipo sawasawa? Hakuna kilichopotea wala kugeuzwa mwezi huu uliopita?" Akasema, "Bibi, vipo kama vilivyokuwa."

Siku ile Hamisa aliposoma barua yako ya ushindi, nilishangaa watu wazima wanaruka kwa furaha kwa kuwa hakuna kilichotokea. Nikadhani ndiyo mambo ya kisomo.

Idd ya kuchinja ni Jumamosi. Uje Maneromango, na uje na mbuzi yangu, vinginevyo wali wako utaula mkavu. Ya presha tumeshagombana, yameisha, keshaapa hatanificha tena, nami nimeapa sitalalia barua ya mtu.

Ila lazima nikwambie nilichofanya pale kliniki, kabla hujakisikia kwa Zahoro. Nilisimama katikati ya wale wajawazito wote nikapiga kigelegele mpaka mjukuu akaamka. Foleni nzima ikageuka. Nesi akaja mbio, "Bibi, kuna nini? Kumetokea nini?"

Nikamwambia, "Hakuna kilichobadilika, mwanangu. Hakuna hata kimoja."

Mtani wako,
Mwanamkuu